Kipimo cha Himid

Time binti Salim alikuwa na siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, Jumamosi, na badala ya kulala mpaka saa nne kama watu wenye akili zao, alikuwa akipanda basi kutoka Kilburn, London, kwenda maktaba moja kusoma vitabu vya kanisa. Ndiyo, vya kanisa. Yeye Muislamu, binti wa Muislamu, hajja wa kuhiji Makka, anakaa mbele ya mashine, anazungusha filamu za madaftari ya ubatizo ya Uskoti, anatafuta watu wa babu yake.

Wenzake kazini, katika nyumba ya wazee alikokuwa akiogesha na kulisha wasiojiweza, walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Time, wewe Uskoti wako uko wapi?" Naye akawajibu, "Subirini nikasirike mtauona," kisha akaendelea kukunja mashuka yake.

Lakini babu Mskoti alikuwepo, wala si hadithi ya kutungwa. Aliitwa William Dalgarno, fundi wa mitambo ya meli ya serikali. Alifika Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini, akasilimu, akamuoa Bibi Zuwena, akapata naye mtoto mmoja, Salim, kisha akafa kwa homa mtoto hajatimiza miaka mitatu. Watu wakimwita Bwana Wili. Hakuacha picha, hakuacha nyumba. Kilichobaki ni kifurushi. Kila mwaka, mpaka Salim alipofika miaka kumi na tano, kilikuja kifurushi kutoka kwa mama yake Bwana Wili huko Uskoti, na ndani yake, hebu lifikirie joto la Unguja, mlikuwa na soksi za sufu. Soksi nene, za kufika magotini, zilizofumwa kwa mkono. Na kila mwaka zilizidi urefu kidogo, maana yule bibi alikuwa akikisia tu namna mguu wa mjukuu asiyewahi kumwona unavyokua.

Nyumbani kwa Bibi Zuwena hapakuwa na aliyejua kuandika Kizungu, na kumwendea karani mtu ukaeleze mambo ya ndani ya nyumba ilikuwa haya. Basi miaka ikapita, soksi zikaja, jibu halikwenda. "Hatukumwambia hata ahsante," Mzee Salim alikuwa akisema, na akilisema hilo uso humwiva kama mtoto aliyefumaniwa. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mwaka tisini na sita, hapa hapa London, alimshika Time mkono akamwambia, "Mwanangu, nitafutieni watu wa baba. Sitaki kitu chao. Muwape ahsante yangu." Time akaahidi. Siku mbili baadaye mzee akafariki.

Ahadi ni rahisi, kazi ndiyo ngumu. Time hakujua hata pa kuanzia. Ilimchukua miaka mitatu kujua kwamba madaftari ya parokia za Uskoti yanaweza kusomwa London, na mwaka mwingine kujua kijiji chenyewe, kupitia karatasi moja ya ajira ya Bwana Wili. Alipofika kwenye hayo madaftari, ajabu, mambo yakamnyookea. Waingereza waliokaa kwenye mashine za jirani walikuwa wakitoka jasho kutafuta wanawake waliopotea, kwa sababu Waskoti humwandika mke kwa jina la ukoo wa babake, hata awe ameolewa miaka arubaini. Time hakuona ajabu. Kwao pia mke habadilishi jina. Mwanamke ni binti fulani mpaka anaingia kaburini, mume ni mume tu. Alipita katika orodha zile kama anayepita kwenye uchochoro wa mtaani kwake, na bibi mmoja mfanyakazi wa pale, Jane, alimtazama akasema, "Wewe umezaliwa kwa kazi hii."

Ni huyo Jane, Mungu amjaze kheri, aliyemfunulia daftari ambamo watafutaji huandika majina ya koo wanazozitafuta na namba zao za simu. Dalgarno ilikuwamo. Aliyeandika ni Eddie Dalgarno, fundi seremala mstaafu, Mskoti aliyekaa Croydon zaidi ya miaka thelathini. Time akapiga simu. Wiki iliyofuata wakakutana, na yule mzee akaja na karatasi iliyokunjwa mara nane. Alipoitandaza ikafunika meza nzima. Ilikuwa mti wa ukoo. Babu yake Eddie alikuwa na ndugu aliyeitwa William, fundi wa meli, aliyekwenda Afrika asirudi.

"Tatizo," Eddie alisema, akikuna kidevu, "parokia ile ile ina William Dalgarno wa ukoo mwingine, rika moja, na naye alikwenda baharini. Nikikuandika hapa kwa kubahatisha, nitakuwa nimeharibu kazi ya miaka ishirini."

Time alimpenda kwa hilo. Mtu asiyekubali kubahatisha ni mtu wa kuaminika.

Eddie ndiye aliyeleta habari ya kipimo cha DNA. Kipo kipimo kipya, alisema, unasugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu, unakituma kwa posta, wanakusomea alama inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kwa mwanamke haipiti.

"Yaani Jumamosi zangu zote hizi," Time akasema, "kisha wanataka mate ya mwanamume?"

"Una kaka?"

Alikuwa na mdogo wake. Himid alikuwa dereva wa tramu huko huko Croydon, mtu wa miaka arubaini, mpole, mcheshi, mwenye mke na watoto watatu wanaomjibu Kiingereza akiwasemesha Kiswahili. Kila Jumapili alikuja Kilburn kula na mama yao, Bi Suad, aliyekuwa akiishi na Time. Himid ndiye aliyembeba baba yao kaburini. Ndiye pia aliyempeleka Time Makka mwaka tisini na tisa, maana Time alikuwa mjane wa miaka arubaini na minne, na mwanamke wa umri huo haruhusiwi kwenda kuhiji bila ya mahramu wake, mwanamume asiyeweza kumuoa. Himid alichukua likizo yake yote ya mwaka akaenda naye, na katika msongamano wa watu alimshika mkono asiuachie.

Basi Himid akasugua shavu. Na akaingiwa na Uskoti kupita kiasi! Eddie alikuwa akipanda tramu yake makusudi, akishuka humwita "binamu" kwa sauti ya kusikika na abiria wote. Alimpa skafu ya mirabamiraba ya Kiskoti, na Himid akaivaa mpaka msikitini. "Mama," alikuwa akimtania Bi Suad, "mie leo sili wali, nataka uji wa shayiri." Bi Suad alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na Time hakulijali hilo.

Jibu lilikuja Jumanne moja ya Novemba mwaka elfu mbili na tatu. Safu mbili za namba, ya Eddie upande huu, ya Himid upande ule. Hazikulingana. Time alizisoma mara tatu akidhani ameshika karatasi juu chini. Chini yake maneno yalikuwa wazi: watu hawa wawili hawatoki katika ukoo mmoja wa kiume, wala hawakaribiani.

Alimpigia Eddie. Naye alikuwa ameshapata nakala yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga miiba. Akasema huenda ni yule William mwingine. Kisha, kwa upole, akasema lipo jambo jingine ambalo hutokea katika koo zote, hata yake: kwamba pengine Bibi Zuwena, akiwa kijana, mume yuko melini...

"Ishia hapo hapo," Time akasema. Akakata simu.

Bi Suad alikuwa amekaa dirishani na tasbihi yake. "Wasemaje hao?"

"Hamna kitu, mama."

"Nimekuzaa mie. Wasemaje?"

Time akaona bora atoe. "Wanasema baba si mtoto wa Bwana Wili. Wanasema Bibi Zuwena alimdanganya mumewe, na yule bibi wa Uskoti akafuma soksi za mtoto wa watu miaka kumi na mbili yote ile."

Bi Suad aliiweka tasbihi mapajani. Alikuwa na miaka sabini na saba, na Time hakukumbuka kuwahi kumwona amekasirika vile.

"Lahaula! Bibi Zuwena? Mkwe wangu yule, aliyekuwa akitoka chumbani kwa udhu na kuingia kwa udhu? Amelala kaburini hana la kujitetea, watu wanamsingizia zinaa kwa pamba ya shavu? Haiwi. Kaa kitako, Time. Himid sikumzaa mimi."

Time hakukaa. Alisimama vile vile, simu mkononi.

Mama yake akamweleza, macho yakiwa dirishani. Time akumbuke kwamba mwishoni mwa mwaka sitini na tatu alikuwa Pemba kwa shangazi yake, akisoma Kurani chuoni. Akaletewa habari kwamba mama amejifungua mtoto wa kiume, jina lake Himid. Habari ilikuwa kweli. Kisichomfikia ni kwamba mtoto yule aliishi siku arubaini na mbili tu. Siku zile ndizo za Mapinduzi, njia zimefungwa, barua haziendi. Wiki moja baada ya kumzika, jirani yao Mafunda akashikwa na uchungu katika amri ya kutotoka nje. Hospitali hakufikishwa, akajifungua na kufa. Mumewe alikuwa baharia, hakurudi tena, wala haikujulikana alikofia. Mtoto akaletwa kwa Bi Suad, kwa kuwa mtaa mzima yeye ndiye aliyekuwa na maziwa na hana wa kumpa.

"Nikamweka kifuani," Bi Suad alisema. "Nilikuwa nimevimba, nina homa, nalia usiku na mchana. Alipoanza kunyonya nikapumua. Baba yako akauliza tumwite nani. Nikajikuta nishamwita Himid. Cheti kilikuwapo, cha yule wa kwanza. Uliporudi kutoka Pemba mwezi wa nane ukamkuta anakaa. Ukambeba. Nani angekwambia nini?"

Nakwambieni, mtu hajijui mpaka siku ya siku. Jambo la kwanza alilolifanya Time si kulia. Aliishika kanga iliyokuwa begani akajitupia kichwani, kana kwamba Himid yuko pale chumbani. Miaka arubaini amekaa kichwa wazi mbele yake. Amelala naye chumba kimoja. Na Makka! Amekwenda kuhiji na mwanamume asiye wake, ameshikwa mkono mbele ya Nyumba ya Mungu, na hija yake, ile aliyoidunduliza miaka tisa, imekuwa nini?

"Mama, umeniponza," alisema. "Nimehiji na mtu kando."

Bi Suad aligeuka akamtazama kama anayemtazama mjinga. "Mtu kando? Wewe ulisoma chuo gani hicho huko Pemba? Nimemnyonyesha miaka miwili kamili! Ziwa ulilonyonya wewe ndilo alilonyonya yeye. Wakinyonya mara tano tu wanakuwa ndugu, hawaoani mpaka kiama. Huyu kaninyonya mpaka kanitoa damu. Teremsha hiyo kanga, unanitia kichefuchefu."

Hapo ndipo Time alipolia. Aliketi chini miguuni pa mama yake, akaulaza uso mapajani mwake, akalia kwa furaha na kwa fedheha ya kuwa alisahau. Sheria aliijua tangu utotoni. Ilimtoka kichwani kwa sababu ya safu mbili za namba. Akasema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka. Amshukuru Mungu kwa hija yake, amshukuru kwa Himid, amshukuru mama huyu aliyekuwa na msiba wa wiki moja akafungua kifua kwa mtoto wa mwenziwe.

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba ana mama? Si ananiona." Kisha sauti ikamshuka. "Jina ndilo lililokuwa likinikosesha raha. Mtoto huitwa kwa babake, na sisi tulimwita kwa baba yako. Tukasema, tutamwambia akikua. Akakua. Tukasema akishaoa. Akaoa. Baba yako akafa nalo. Mie sitaki kufa nalo."

Jumapili Bi Suad alimwambia mwenyewe, mezani, Time akiwapo. Himid alikuja na skafu yake shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kukatiza. Aliuliza jambo moja tu, jina la mwanamke yule. "Mafunda," mama akamjibu, "Mafunda binti Juma, na mumewe Ali, Mngazija." Himid akalirudia jina lile kimya kimya. Kisha akanawa mikono, wali haujafika nusu, akaivua skafu akaiweka kwenye kiti, akambusu mama yake mkono na kuondoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili. Time akipiga simu, mkewe, Najla, humjibu kwa aibu: "Yupo, wifi yangu, mzima, lakini hasemi." Bi Suad kila Jumapili alipakua sahani ya nne, ya Himid, ya Eddie ikiwa ya tatu, maana mzee yule sasa alikuwa akija.

Ndiyo, Eddie alikuwa akija. Time alikuwa amempigia tena, akamtaka radhi, akamweleza yote. Mzee akasema kwamba katika miaka ishirini ya kuchora mti wa ukoo, mstari wa maziwa hakuwahi kufundishwa. Kisha akapanda treni kwenda Uskoti, bila ya kuombwa. Madaftari ya ubatizo yalikuwa yamewashinda na DNA imewashinda, basi akaenda kuomba kitabu kingine cha parokia ile, ambacho hakuna aliyekiweka kwenye filamu: kitabu cha mikutano ya wazee wa kanisa, wanamoandika nani kagombana na nani, nani kaomba kuni.

Alirudi na nakala, akaisoma taratibu mezani kwa Time. Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tatu. Mjane Dalgarno, mama wa marehemu William fundi wa meli, ameomba mchungaji amwandikie anwani juu ya kifurushi cha mtoto wa mwanawe aliyeko Unguja, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kuandika. Wazee wamekubali, na mchungaji atafanya hivyo kila mwaka.

Hajui kuandika! Huku hawajui, na kule hajui, na katikati bahari mbili. Time alicheka huku machozi yakimtoka. Na mjane yule, Eddie akamwonyesha kwenye karatasi kubwa, ndiye mama wa babu yake yeye Eddie, si wa ule ukoo mwingine. Time alisimama. Alikuwa ameyatayarisha maneno haya miaka saba, kwa Kiingereza kizuri, na yote yakamtoka. "Baba yangu Salim," alisema, "anasema ahsante kwa soksi." Eddie akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Lilikuwa ndilo alilolitafuta, na alishukuru kwa dhati. Lakini furaha haikumkaa. Kila alipogeuka kumtafuta mtu wa kumwambia, aliyemtaka ni Himid.

"Nilimwona Alhamisi," Eddie alisema akiwa anaondoka. "Nilipanda tramu yake. Nilimpungia mkono, akatazama reli."

Jumamosi iliyofuata Time hakwenda popote. Ilikuwa asubuhi, anasuka nywele zake mbele ya kioo, upande mmoja umeshasukwa, mwingine umetimka. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

Bi Suad aliinua kichwa. "Mbona sauti ya Himid?"

Ilikuwa ya Himid. Lakini Himid alikuwa na ufunguo. Hakuwahi kupiga hodi katika nyumba ile. Alikuwa akiingia huku anaita chakula.

"Hodi hapa," sauti ikarudia. Kisha ikanyamaza, ikingoja, kama mwanamume mstaarabu anavyongoja nje ili wanawake wa ndani wapate kujifunika.

Time akaelewa. Wiki tatu nzima Himid hakuwa amemkasirikia mtu yeyote. Alikuwa hajui tu kama anaruhusiwa kuingia. Kanga ilikuwa juu ya kiti, karibu ya mkono wake. Aliiacha pale pale, akaenda mlangoni na kichwa chake kilivyo, nusu kimesukwa na nusu kimetimka, akafungua mlango wote.

Himid alikuwa ametazama chini, viatuni pake. "Asalaam aleikum."

"Aleikum salaam. Unampigia nani hodi?"

"Nilikwenda msikitini nimuulize sheikh," alisema, macho hayanyanyuki. "Mara mbili. Nikafika mlangoni nikarudi. Niliogopa atakavyosema."

"Sheikh wa nini? Mama yuko hapa, muulize yeye alivyokuwa akiamka kukunyonyesha. Himid! Nitazame."

Alinyanyua uso taratibu. Akauona uso wa dada yake, akaziona nywele. Midomo ilimcheza, akaikaza, ikamshinda.

"Da Time," alisema, na sauti ikavunjika katikati, "mbona umejaa mvi hivyo?"

"Za wiki hizi tatu ni zako," Time akamwambia, akamvuta ndani kwa mkono. "Ingia, nina habari ya soksi."